Diploma yangu ya ushauri nasaha itahesabiwa?

*Nina diploma ya ushauri nasaha na nimefanya kazi miaka sita kwenye kituo cha afya. Nataka digrii, lakini naogopa kuanza upya na vijana waliomaliza shule juzi, tena nikiwa na watoto na mshahara mdogo. Nifanyeje?* – Mama wa watoto wawili, Nakuru

Mama, si lazima uanze sifuri. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu nchini Kenya, diploma iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7. Vyuo vikuu kadhaa huwaondolea waombaji baadhi ya masomo waliyokwisha kufaulu. Tatizo ni kwamba wengi hupeleka cheti peke yake, na cheti hakisemi ulisoma nini. Peleka nakala ya matokeo pamoja na silabasi ya kila somo, ikionyesha saa za darasani na za mazoezi chini ya msimamizi. Dai jibu kwa maandishi kabla hujalipa karo. Ahadi ya mdomo ya karani haina kazi.

Utafiti na takwimu ndivyo vitakavyokusumbua, si nadharia. Muhula wa kwanza chukua masomo machache.

Ukisoma huku ukifanya kazi, usimwache msimamizi wako wa kitaalamu. Ukianza kukosa usingizi au kuwachoka wateja, mwone mapema.

Kabla ya kujisajili, thibitisha kozi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kisha uulize bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka nini.