Hija ya Namugongo Huanzia Nyumbani



Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, waumini wengi wa magharibi mwa Kenya hutembea kwa miguu hadi Namugongo. Kutoka mpaka wa Busia, kupitia Iganga, Jinja na Mukono, ni kilomita kama 200. Kikundi kikitembea kilomita 25 kwa siku, ni siku nane. Katika mikutano ya matayarisho huzungumzwa sana viatu na makoti ya mvua. Mimi nauliza: nyumbani mmekubaliana?

Mei ni mwezi wa palizi, na shule zimefunguliwa. Bwana akijiandikisha kanisani, kisha amwarifu mkewe jioni kwamba anaondoka, amemwachia shamba, ng'ombe, watoto na pengine deni la karo. Hija hiyo anailipia nani? Mama naye asijiandikishe kimya kimya akitumaini mzee hatakataa mambo ya Mungu. Ketini pamoja tangu Januari. Hesabuni chakula cha njiani, nauli ya kurudi na pesa za kubaki nyumbani. Zisipotosha, mmoja aende mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Mtakatifu Andrea Kaggwa, msimamizi wetu makatekista, aliyeuawa Mei 26, 1886, alikuwa mtu mwenye mke.

Anayebaki ni hujaji pia. Nia zake ziandikwe katika daftari la kikundi, na jumuiya ndogo imsaidie palizi.

Mkienda wote wawili, fanyeni mazoezi na kikundi kila Jumamosi: kilomita tano, kumi, hata ishirini ifikapo Aprili, mkivaa viatu vile vile vya safari. Viatu vipya huleta malengelenge siku ya kwanza. Katika mazoezi hayo mtawaona mabwana wanaotangulia na wenye mbio huku mama akichechemea nyuma na mzigo. Mwendo uwe wa yule wa mwisho. Mwenye nguvu apewe kazi ya kutembea nyuma. Mwenye presha au sukari amwone daktari mapema, na mwenzake ajue dawa ziko mfuko gani.

Kabla ya kitubio, ombaneni msamaha. Siku nane ni nyingi kwa walionuniana.

Usiku, kwa kawaida, wanaume hulala kwao na wanawake kwao. Basi fungeni mifuko miwili. Wengi hulikumbuka hili wakati wa kuoga, sabuni ikiwa upande wa pili.