SOMO LA AFYA: MIONZI YA EKSIREI, DAWA ILIYOWACHOMA WAGANGA WAKE

Tukitembelea vikundi mara nyingi tunaulizwa: "Hiyo mashine ya kuchoma kansa, si ndiyo inamaliza watu?" Swali hili si la upuzi. Lina historia, na tukiijua tutaweza kumshauri vizuri mgonjwa wetu.

Ilianza vipi?

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen alikuwa akipitisha umeme mkali ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Akagundua kwamba humo hutoka mionzi isiyoonekana kwa macho, lakini inayopenya karatasi nyeusi na hata nyama ya mwili. Kwa kuwa hakuijua, aliiita X.

Punde si punde waliofanya kazi na chupa hizo waliona ngozi ikiwa nyekundu na nywele zikinyonyoka. Madaktari wakawaza: kitu chenye nguvu hivi chaweza kutibu. Mwaka 1896 Leopold Freund, daktari wa Vienna, Austria, alimtibu mtoto wa kike wa miaka 5 aliyeota nywele nyingi mgongoni. Nywele zilitoka, lakini mtoto akabaki na kidonda kibaya.

Shida ilikuwa kipimo

Nguvu ya chupa hizo za kwanza ilikuwa ikibadilika-badilika, na hakukuwa na kipimo cha kutegemea. Basi wengi waliijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe: mifupa ikionekana vizuri, kazi inaanza. Ngozi ya mgonjwa ikiwa nyekundu, dawa imetosha!

Gharama yake ilikuwa kubwa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliungua mikono, ikakatwa, naye akafa kwa kansa mwaka 1904. Mwaka 1936 mnara ulijengwa Hamburg, Ujerumani, ukiwa na majina 169 ya watu waliokufa kwa kazi hiyo ya mionzi.

Hata watoto wenye choa cha kichwani, yaani mashilingi, walitibiwa kwa mionzi katika nchi nyingi hadi miaka ya 1950. Baadaye baadhi yao walipata uvimbe wa ubongo na kansa ya shingoni. Siku hizi vidonge vinatosha.

Ni nini kilichobadilika?

Mwaka 1913 William Coolidge wa Marekani alitengeneza chupa ambayo nguvu yake yaweza kuongozwa. Miaka ya 1920, madaktari wa Paris walionyesha kuwa ni heri kugawa mionzi kidogo kidogo kwa siku nyingi, ili nyama nzima ipate nafasi ya kupona huku kansa ikifa.

Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa aende hospitali karibu kila siku kwa majuma kadhaa. Si kwamba daktari anamsumbua. Akikatiza katikati kwa kukosa nauli au mahali pa kulala, kansa hupata nafasi ya kukua tena. Hapo ndipo kikundi kinaweza kuokoa maisha.

Tukumbuke pia: mama mwenye mimba amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha. Na tusidai picha ambayo daktari haoni haja yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wale wa kwanza waliumia?
2. Hapa kwetu tunatumia nini bila kipimo? Dawa ya shamba je?
3. Mwenzetu akiandikiwa matibabu ya majuma sita, kikundi kitamsaidiaje asikatize?