Jani Lisilobadilika Rangi: Kazi za Maabara katika Biolojia ya Vidato vya Mwanzo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika ufundishaji wa biolojia, nalo ni nafasi ya mwanafunzi mwenyewe katika maabara. Hatutazungumzia majaribio yote. Tumechagua moja ambalo kila mwalimu wa somo hili analifahamu, yaani lile la kutafuta wanga ndani ya jani kwa kutumia iodini. Tumelichagua kwa kuwa vifaa vyake ni vya gharama ndogo, na kwa kuwa ndilo ambalo mara nyingi hugeuzwa kuwa imla.

Tatizo lenyewe

Tunapowatembelea wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumeushuhudia mara kadhaa utaratibu ufuatao. Mwalimu huandika ubaoni kichwa cha jaribio, vifaa, hatua, matokeo na hitimisho. Wanafunzi hunakili yote. Kisha mwalimu hulifanya jaribio mbele ya darasa, na jani likikataa kugeuka rangi, darasa huambiwa kwamba lilipaswa kuwa na rangi ya buluu iliyoiva hata kukaribia weusi. Daftari husema buluu, ilhali macho yameona hudhurungi.

Hasara ya utaratibu huu si ya somo moja tu. Mwanafunzi hujifunza kwamba kinachoandikwa si lazima kiwe kilichoonekana, na kwamba kitabu kikitofautiana na ushahidi, ushahidi ndio unaotupwa. Mwanafunzi huyo kesho atakuwa mganga anayejaza kadi ya mgonjwa au bwana shamba anayeandika taarifa ya mavuno. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu shule zilizowafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi. Lawama hiyo ingali inaihusu maabara ambamo majibu hutangulia maswali.

Historia fupi ya swali

Ni vema wanafunzi wafahamu kwamba swali hili liliwasumbua watu wazima kwa muda mrefu. Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa ratili 5 ndani ya udongo mkavu wa ratili 200, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na ushei, na udongo ulikuwa umepungua kwa aunsi 2 hivi. Alihitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Vipimo vyake vilikuwa vya uangalifu, bali hitimisho lake halikukamilika, kwani hakuihesabu hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba sehemu za kijani za mmea huhitaji mwanga ili zitoe hewa ile inayofaa kwa kupumua. Katika miaka ya 1860 Julius Sachs alionyesha kwa iodini kwamba wanga hutokea katika majani yaliyopata mwanga.

Maandalizi

Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe katika vikundi 12 vya watu 5. Penye upungufu wa vifaa, makopo safi na jiko la mkaa hutosha. Iodini ya duka la dawa izimuliwe kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kunde zioteshwe ndani ya makopo majuma machache kabla. Baadhi ya makopo yawekwe ndani ya kabati lenye giza kwa saa 48, na mengine yabaki juani.

Hatua ni nne, na kila hatua ielezwe sababu yake:

(a) Jani lichovywe katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, ili seli zife na iodini iweze kupenya.

(b) Moto uzimwe au uondolewe kabisa. Ndipo jani litiwe katika spiriti ndani ya chupa ya majaribio, na chupa isimamishwe katika maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Sentigredi, kwa hiyo maji yaliyotoka kuchemka yanatosha kuichemsha. Mvuke wake hushika moto upesi. Spiriti isiwekwe kamwe karibu na mwali au makaa. Kazi ya hatua hii ni kuondoa rangi ya kijani.

(c) Jani lisuuzwe katika maji ya uvuguvugu ili lilainike.

(d) Litandazwe juu ya kisahani, na kudondoshewa iodini.

Ratiba nayo iangaliwe. Wanga uliokusanyika mchana hutumika na kuhamishwa usiku. Basi jani lililochumwa alfajiri kwa ajili ya kipindi cha kwanza huenda likaonyesha wanga kidogo sana, na mwalimu akadhani iodini imeharibika. Kipindi kikiwa cha asubuhi, majani yachumwe alasiri ya siku iliyotangulia, yachemshwe papo hapo, na kuhifadhiwa ndani ya spiriti.

Jani la kunde na jani la kitunguu

Tunapendekeza kila kikundi kipewe majani matatu: la kunde iliyokaa juani, la kunde iliyokaa gizani, na la kitunguu kilichokaa juani. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike anachotazamia na kwa nini. Ubao ubaki mtupu.

Jani la kwanza litageuka, la pili halitageuka. Hapo wengi watahitimisha kwamba mwanga unahitajika. Lakini jani la kitunguu, ingawa ni la kijani na lilikuwa juani, litabaki hudhurungi. Wengine watasema kitunguu hakijitengenezei chakula. Wengine watasema wamekosea hatua. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Awaulize: iodini hutambua nini? Wakirudia jaribio na kupata matokeo yale yale, dhana ya kukosea itadhoofika. Kisha juisi ya kitunguu ichemshwe pamoja na mchanganyiko wa Benedict. Kugeuka kwake kuelekea rangi ya machungwa au ya matofali kutaonyesha kuwapo kwa sukari.

Kutokana na hayo mwanafunzi atatambua kwamba iodini huonyesha wanga, wala haionyeshi usanidinuru wenyewe. Kitunguu hujitengenezea chakula kama mimea mingine ya kijani, ila hukiweka zaidi katika hali ya sukari. Aidha atatambua kwamba sukari ya juisi ile peke yake haithibitishi ilikotengenezwa. Hilo ni swali jingine, nalo ladai jaribio jingine. Mwanafunzi aliyefikia hapo amejifunza mengi kuliko yule aliyekariri tafsiri ya usanidinuru neno kwa neno.

Usahihishaji

Yote haya yatakuwa bure ikiwa kalamu nyekundu ya mwalimu itatuza rangi ya buluu pekee. Mwanafunzi husoma alama upesi kuliko anavyosoma kitabu. Katika alama 10, tunashauri 2 ziwe za makisio yenye sababu, 3 za usalama na utendaji, 3 za kuandika kilichoonekana, na 2 za hitimisho lisilozidi ushahidi. Aliyeandika kwamba jani la kunde halikugeuka, akataja sababu inayoweza kupimwa, apate alama zake kamili. Aliyeandika buluu isiyoonekana kisahanini azikose zile 3.

Yapo mapingamizi. Muhtasari ni mrefu, mtihani hausubiri, na vipindi viwili mfululizo havipatikani kila juma. Hatuyadharau. Hata hivyo, jaribio moja lililofanywa kwa mikono ya wanafunzi na kujadiliwa kikamilifu hufupisha masomo mengi yanayofuata, kwa maana kulinganisha, kukisia na kupima havifundishwi upya katika kila mada.

Tunawasihi walimu wenzetu, na hasa wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, waanze na jambo moja dogo: sehemu ya matokeo katika andalio la somo iachwe wazi mpaka darasa litakapokuwa limeona.