Tarehe 5 Septemba: Mwimbaji Aliyezaliwa Unguja

Chukueni kalenda mtafute tarehe 5 Septemba. Siku hiyo mwaka 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja, alizaliwa mtoto wa kiume akaitwa Farrokh Bulsara. Baadaye dunia ilimjua kwa jina jingine: Freddie Mercury. Wengi hudhani alikuwa Mwingereza wa kuzaliwa huko huko. Sivyo.

Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India. Waparsi ni wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, iliyokuwapo kabla ya Uislamu. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika umri wa miaka 8 hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko alijifunza piano, akaunda bendi na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17.

Kule London alisomea uchoraji chuoni. Mwaka 1970 wakaanzisha bendi ya Queen, yeye na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akajiunga mwaka 1971. Muziki wao ni roki, yaani magitaa ya umeme, ngoma nzito na sauti ya kupaa. Wimbo wao "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 una karibu dakika 6. Wakubwa wa kampuni ya santuri waliona ni mrefu mno. Basi, ukakaa nambari moja Uingereza majuma 9! Tarehe 13 Julai 1985 aliimba uwanja wa Wembley, mbele ya watu kama 72,000, katika onyesho la kuwachangia waliopatwa na njaa Ethiopia. Wajuzi wa muziki husema siku hiyo hakuna aliyemfikia, na sisi tulioiona filamu yake hatubishi.

Haya, sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Mwaka 1987 alipimwa akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Alificha. Alikonda, magazeti yakamwandama mpaka mlangoni, naye akakana. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo alipotangaza ugonjwa wake. Tarehe 24 akafariki, nyumbani kwake London. Someni tena tarehe hizo mbili.

Wapo watakaouliza, kwa nini hakusema mapema? Kuuliza ni rahisi. Miaka ile mgonjwa alikimbiwa, na dawa iliyokuwapo nguvu yake haikudumu. Hata vijijini kwetu sahani na kikombe cha mgonjwa vilitengwa, ingawa UKIMWI hauambukizwi kwa kula pamoja. Mwaka 1996 ndipo ilipothibitika kwamba dawa kadhaa zikitumiwa pamoja huvizuia virusi. Leo anayepima mapema, akameza dawa kila siku, anaweza kuishi mpaka uzeeni. Tena virusi vikifubaa hata kipimo cha damu kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kupima kwenyewe ni tone la damu kidoleni.

Kumkumbuka kwao hakukuwa kwepesi. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Unguja, kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha dini kiliipinga kwa sababu alipenda wanaume, ikaachwa. Lakini mwaka 2019 nyumba ya makumbusho yake ilifunguliwa Shangani, na wageni huingia kutazama picha zake za utotoni.

Zoezi. Katika daftari lako, toa 1946 katika 1991. Utapata 45, ndio umri aliofariki nao. Kisha toa 1991 katika 1996. Andika jibu, umweleze mwenzako miaka hiyo ni ya nini.