Gari Dogo Lipandalo Majabali

Mwaka wa 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma ikielea katika birika la maji. Hapakuwa na mtu ndani yake, wala kamba, wala waya. Lakini Tesla alipotaka igeuke, iligeuka. Aliiongoza kwa mawimbi ya redio, yapitayo hewani bila kuonekana kwa macho.

Siku hizi, katika Marekani na nchi nyingine nyingi, wako watu wapendao kujitengenezea gari dogo liongozwalo kwa njia hiyo. Mara nyingi hulifanya kwa kipimo cha moja kwa kumi: yaani, gari la kweli likiwa na urefu wa mita 4.5, hili dogo huwa na sentimeta 45. Kazi yake si kushindana mbio, bali kupanda majabali na kupita juu ya mizizi na magogo bila kupinduka.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba gari likishindwa kupanda, dawa yake ni kulitia mota yenye mbio zaidi. Akilitia, gari huruka na kuanguka chali, au mota hupata moto hata ikaungua. Fundi ajuaye hutazama kwanza mambo manne.

La kwanza ni gia. Mota ya umeme huzunguka upesi sana, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni kidogo. Basi gia ndogo yenye meno 12 hufungwa penye mota, nayo huzungusha gia kubwa yenye meno 60. Ndogo ikizunguka mara tano, kubwa huzunguka mara moja tu. Mwendo umepungua, lakini nguvu imeongezeka karibu mara tano, ila kidogo hupotea kwa msuguano. Zikiongezwa gia nyingine zipunguzazo mwendo mara nane, mota huzunguka mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndiyo sababu gari hili hutambaa kama kinyonga.

La pili ni difu. Katika gari la kawaida, difu huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo usio sawa, ili gari lipinde vizuri. Lakini juu ya mawe, gurudumu moja likiinuka hewani, hilo huzunguka bure, na lile lililo chini hukosa nguvu. Kwa hiyo fundi huyafunga magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Hasara yake ni kwamba gari huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kupinda. Naye huikubali hasara hiyo.

La tatu ni uzito. Gari likipanda, uzito huegemea nyuma, na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Uzito ukiwa juu, gari hupinduka kinyumenyume. Basi fundi huweka betri chini na mbele, tena hufunga vipande vya shaba karibu na magurudumu.

La nne ni matairi. Hayajazwi upepo. Ni ya mpira laini wenye sponji ndani, nayo huukumbatia mwamba kama vidole vishikavyo jiwe.

Kisha gari hutiwa kipokezi, kipatacho amri kutoka kwa chombo ashikacho mwendeshaji mkononi. Amri moja huenda kwa mota ya mwendo, na nyingine kwa mota ndogo ya usukani. Betri nayo yataka uangalifu: ikitobolewa, au nyaya zake mbili zikigusana, yaweza kuwaka moto.

Gari likiisha kuundwa, kazi haijaisha. Fundi huliendesha juu ya ubao ulioinamishwa, akiuinua ubao kidogo kidogo hata gari lishindwe, na kipimo cha hapo hukiandika. Kisha hubadili jambo moja tu, labda uzito, labda tairi, akajaribu tena. Akibadili mambo mawili kwa pamoja na gari likapanda, hatajua ni lipi lililofaa. Mwenda pole hajikwai: neno hili ni kweli kwa gari lake, na kwa kazi yake pia.

MASWALI

1. Kwa nini mota yenye mbio zaidi haitoshi kulipandisha gari juu ya jabali?
2. Gia yenye meno 15 huzungusha gia yenye meno 45. Ndogo itazunguka mara ngapi ili kubwa izunguke mara moja?
3. Eleza faida moja na hasara moja ya kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja.
4. Kwa nini fundi hubadili jambo moja tu kila anapojaribu?