Somo la sheria: Angalia tarehe iliyo kwenye karatasi

Somo la safari hii linahusu maswali ya kila siku ambayo familia zetu hapa Marekani huwapelekea mawakili: nyumba, kazi, gari, watoto na karatasi za serikali. Sheria nyingi za mambo haya ni za jimbo, si za nchi nzima, kwa hiyo jambo lililo kweli Ohio linaweza kuwa tofauti Texas. Soma upate mwanga, kisha kwa kesi yako mwenyewe umwone wakili.

Kabla ya maswali, kuna jambo moja la kuelewa. Kwetu, ugomvi wa nyumba au wa deni huanza kwa watu kukaa chini. Mwenyekiti wa mtaa huitwa, wazee husikiliza, kambini kamati hukutana, na mtu asiyefika leo huulizwa kesho yuko wapi. Mahakama ya hapa haikutafuti namna hiyo. Unaletewa karatasi yenye tarehe, basi. Tarehe ikipita bila wewe kujibu au kufika, hakimu anaweza kumpa ushindi mwenzako bila kusikia neno lako hata moja, hata kama haki ilikuwa yako. Kesi nyingi za nyumba na za madeni hupotea hivyo. Kwa hiyo ukipokea karatasi usiyoielewa, tafuta tarehe kwanza. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kutafuta tarimu. Hapa mwezi huandikwa kabla ya siku: 4/9 ni tarehe 9 mwezi wa nne. Wapo waliofika mahakamani miezi mitano baadaye kwa sababu ya kusoma tarehe kama tulivyozoea.

"Mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni. Inasema siku tatu. Tuhame?"

Usihame usiku huo, na usiitupe hiyo karatasi. Katika majimbo kama Ohio na California, mwenye nyumba anaweza kuanza kwa taarifa ya siku tatu. Hiyo ni barua yake yeye, si amri ya mahakama. Siku hizo zikipita, hatua inayofuata ni kufungua kesi. Hapo utapata karatasi nyingine, mara nyingi yenye neno "Summons" juu yake, maana yake unaitwa mahakamani. Hiyo ndiyo ya kukutoa jasho. Kuna majimbo ambayo unatakiwa kufika tu siku iliyoandikwa, na kuna mengine ambayo ni lazima kwanza ujibu kwa maandishi ndani ya siku chache. Piga simu kwa ofisi ya msaada wa sheria siku hiyo hiyo uliyoipokea.

Mpaka hakimu aamue, na mpaka ofisa wa serikali aje na amri ya mahakama, nyumba bado ni ya kwako kukaa. Karibu kila mahali ni kosa mwenye nyumba kutupa vitu vyako nje au kukukatia maji na umeme ili uchoke uondoke mwenyewe.

Sasa, wengine husema: "Lakini kodi kweli hatukulipa, tutakwenda kusema nini?" Nendeni hata hivyo. Siku ya kesi, mara nyingi wakili wa mwenye nyumba huwaita wapangaji pembeni, kwenye korido, na kuwaonyesha karatasi ya makubaliano. Anaweza kuwa mtu mpole na mwenye tabasamu, lakini ni wakili wa mwenye nyumba, si wako. Usitie saini kabla ya mkalimani kukusomea yote. Uliza hasa kama makubaliano yanafuta kesi, au yanaandika hukumu dhidi yako. Tofauti ni kubwa, maana wenye nyumba wengine huangalia rekodi za mahakama kabla ya kukupangisha, na hukumu ya kufukuzwa inaweza kukufungia milango kwa miaka. Ukipewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo na kesi ifutwe, hilo kwa kawaida ni bora kuliko kushindwa kwa haki zote.

Na ahadi ya mdomo usiitegemee. Meneja wa apatimenti akisema "msiwe na wasiwasi, lipeni mwezi ujao", mwandikie ujumbe wa simu siku hiyo: "Leo umesema tunaweza kulipa tarehe fulani." Akijibu ndiyo, umeshapata ushahidi.

"Tumehama, dipoziti hawairudishi."

Waliopanga nyumba Bukavu au Uvira wanaijua dipoziti kwa jina la garanti. Hapa sheria ya jimbo hupanga siku za kuirudisha au kukuletea orodha ya makato: siku 30 Texas na Ohio, siku 21 California. Jambo ambalo familia nyingi husahau ni kumpa mwenye nyumba anwani mpya kwa maandishi. Usipofanya hivyo unampa sababu ya kusema hakujua aitume wapi, na katika majimbo mengine unapunguza haki yako ya kudai.

Rangi iliyofifia na zulia lililochakaa kwa kukanyagwa tu si deni lako. Tundu ukutani au mlango uliovunjika ni juu yako. Ndiyo maana siku ya kuingia, kabla hamjapanga hata kitanda, zunguka na simu upige picha kila chumba, jiko, choo, na madirisha. Siku ya kutoka piga tena. Akikataa kulipa, kuna mahakama ya madai madogo ambayo mtu wa kawaida huenda mwenyewe bila wakili, na picha hizo ndizo zitakazosema.

"Binamu amenipatia kazi jimbo lingine. Mkataba wa nyumba umebaki miezi saba."

Hili huulizwa sana, maana watu wetu wanafuatana na ndugu na kazi. Kurudisha funguo hakumalizi mkataba. Umeahidi mwaka mzima, na kodi iliyobaki inaweza kudaiwa, ikapelekwa kwa wakusanya madeni na kuharibu rekodi yako ya mikopo. Lakini si mwisho wa dunia. Katika majimbo mengi mwenye nyumba ana wajibu wa kujaribu kupata mpangaji mwingine. Haruhusiwi kuacha nyumba tupu miezi saba huku akikuhesabia. Andika barua mapema, sema tarehe ya kuondoka, na uulize gharama ya kuvunja mkataba. Mikataba mingine imeshaitaja. Kutoroka usiku ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Ukihama, una siku 10 za kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya, kwa fomu AR-11. Ni bure na hujazwa kwenye intaneti. Kuiambia posta peke yake hakutoshi.

Kuhusu kazi tutapita haraka. Kima cha chini cha mshahara cha nchi nzima ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi. Kwa kazi nyingi za kulipwa kwa saa, ukipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Andika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe, halafu linganisha na karatasi ya malipo. Ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama unaona maumivu yatapita. Na wale wanaouliza, "Wamenifukuza bila sababu, naweza kushtaki?", jibu huwa gumu kumeza. Karibu kila jimbo mwajiri anaweza kukuachisha bila kutoa sababu. Asichoruhusiwa ni kukufukuza kwa ajili ya rangi yako, dini, nchi uliyotoka, ujauzito, au kwa kuwa ulidai mshahara wako halali. Kama unaamini ni mojawapo ya hayo, usikae mwezi mzima ukiwaza, maana madai haya nayo yana tarehe za mwisho.

"Polisi wamenisimamisha barabarani. Nifanye nini?"

Hapa mazoea ya nyumbani yanaweza kukuponza. Kwetu dereva hushuka, humwendea trafiki, humsalimia kwa heshima. Hapa kushuka bila kuambiwa humtia askari hofu. Simama pembeni, baki ndani, mikono juu ya usukani ionekane. Akiomba leseni na bima, sema kwanza ziko wapi ndipo unyooshe mkono kuzichukua.

Na usitoe pesa. Hata dola ishirini, hata kwa nia ya kusema asante. Kile tulichokuwa tukikiita chai au kitu kidogo, hapa ni hongo, na hongo ni kosa la jinai ambalo linaweza kugusa hata makaratasi yako ya uhamiaji. Faini ya kasi ni jambo dogo sana ukilinganisha.

Karatasi ya faini pia ina tarehe. Kuilipa kwa kawaida ni kukubali kosa. Kama hukubali, unaomba kusikilizwa kabla ya tarehe hiyo. Ukiiweka tu kwenye droo, leseni inaweza kusimamishwa, na mahakama nyingine hutoa hati ya kukukamata. Ukigongana na gari jingine, usiondoke eneo lile. Piga picha, chukua jina na bima ya mwenzako, na usiseme "kosa ni langu" kwa ajili ya adabu tu. Sisi huomba radhi hata tuliokosewa, lakini kampuni ya bima haielewi hivyo.

"Walimu wamesema wataripoti kwa sababu nilimchapa mtoto."

Mwalimu, daktari na muuguzi hapa wanalazimishwa na sheria kuripoti wakiona dalili za mtoto kuumizwa. Hawakuchukii, wakinyamaza wao ndio wanaoshtakiwa. Kuhusu kuchapa, majimbo yanatofautiana katika maneno, lakini alama mwilini, mkanda, waya au fimbo ni njia ya moja kwa moja ya kuletewa mfanyakazi wa ulinzi wa watoto. Kuwaacha wadogo peke yao nyumbani nako kunaripotiwa. Ile desturi ya dada wa miaka minane kubaki na mtoto wa mgongoni huku jirani akitupa jicho, hapa haina jirani wa kutupa jicho.

Mfanyakazi huyo akigonga mlango, mwombe kitambulisho, omba mkalimani, na usikubali mtoto wako atafsiri. Bila amri ya mahakama au hatari ya dharura, kwa kawaida unaweza kumwambia kwa upole kwamba unataka kuongea na wakili kwanza. Usipige kelele, wala usimfiche mtoto kwa ndugu. Kesi ikifika mahakamani, uliza mara ya kwanza kabisa kama unaweza kupewa wakili.

Kuna swali ambalo watu hawaliulizi, na ndilo linalotutia wasiwasi. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Mtu asiyeelewa Kiingereza husema ndiyo kwa kila kitu. Kama bado hujawa raia, jibu ni hapana. Kusaini kwamba wewe ni raia, au kupiga kura katika uchaguzi wa nchi, kunaweza kukunyima uraia na hata kukufukuzisha nchini. Kama umeshasaini, usijaribu kurekebisha peke yako. Mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Sasa, wakili ni nani? Congo na Burundi, notaire ni mtu mkubwa wa sheria. Hapa neno "Notary" kwenye bango la duka lina maana ya mtu anayeshuhudia saini yako tu. Haruhusiwi kukushauri mambo ya sheria. Kwa uhamiaji, anayeruhusiwa kukushauri ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao wengi wao wako kwenye mashirika ya misaada. Fomu za uhamiaji hupatikana bure. Anayekuuzia fomu tupu anakuibia.

Ukishtakiwa kwa kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela na huna uwezo, mahakama itakupa wakili wa bure. Katika kesi za nyumba, madeni au uhamiaji, sehemu nyingi hakuna ahadi hiyo, ila zipo ofisi za msaada wa sheria zinazowahudumia wenye kipato kidogo katika kila jimbo, na wakimbizi wamo kati ya wanaoruhusiwa kuhudumiwa. Namba 211 kwenye simu itakuelekeza iliyo karibu. Jifunze kwa moyo sentensi hii ya Kiingereza, useme kabla ya kitu kingine: "I need a Swahili interpreter." Mahakama, hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukusaidia kwa lugha, na huna haja ya kulipa.

Siku ya kumwona wakili, beba karatasi zote pamoja na bahasha zake, kwa sababu muhuri wa posta huonyesha siku barua ilipotumwa. Beba mkataba, risiti, picha zilizo kwenye simu na namba ya kesi. Mweleze ukweli wote, hata ule wa aibu, maana anayokusikia nayo kama wakili wako ni siri. Na kama tarehe ya mahakama ni kesho, lisema hilo kwanza unapopiga simu, kabla ya jina lako.