Mirija ya Uzazi na Kupimwa Kwake

Katika somo la viumbe sote tumechora ile mirija miwili itokayo katika mji wa mimba, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kila mmoja una urefu wa sentimeta 10 hivi, na mwanzoni mwake njia ya ndani ni ya milimeta moja tu. Humo ndimo yai na mbegu hukutana. Kisonono au klamidia isiyotibiwa huweza kuuziba.

Daktari atajuaje? Eksirei si ngeni hapa Kampala: hospitali ya Mengo ilipata mashine yake mwaka 1907, miaka 12 tu baada ya Röntgen kuigundua miale hiyo. Mwanamke hutiwa dawa maalumu kupitia mlango wa kizazi, nayo huonekana nyeupe katika picha. Ikimwagika tumboni, mirija i wazi. Lakini hapa pana mtego. Mrija una misuli, na kwa maumivu au hofu huweza kujikaza papo hapo, dawa ikasimama, na picha ikasema “umeziba” ilhali ni mzima. Kwa hiyo picha isemayo “wazi” huaminika zaidi kuliko isemayo “umeziba”.

Njia ya pili ni ultrasaundi: hutiwa maji ya chumvi au povu, na mtaalamu hutazama yakipita. Haina miale, na maumivu ni kidogo. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2022, wa wanawake zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa kufuata njia hii na waliofuata eksirei walikaribiana sana kwa kuzaa. Ila yataka mkono uliozoea.

Ya tatu ni darubini nyembamba ipitishwayo kitovuni, rangi ya buluu ikatazamwa kwa macho ikitoka. Hii ndiyo hakimu wa zile mbili, lakini yahitaji usingizi wa dawa na chumba cha upasuaji, na gharama yake si ndogo.

Mwanamke asiitwe mgumba, wala mume asioe mwingine, kwa picha moja ya eksirei. Tena ninyi wanafunzi wa zamani mlio na wake, mbegu zenu zipimwe kwanza. Kipimo hicho hakiumi.

Jambo moja la ajabu: mwaka 2017 Waholanzi walilinganisha dawa mbili za eksirei. Katika kila wanawake 100 waliotiwa dawa ya mafuta, kama 40 walishika mimba katika miezi sita. Kwa dawa ya maji, 29.